Sinema ya Mamilioni na Sinema ya Kadiri

Hapa shuleni ukitaja sinema tamu, wengi watakimbilia zile za mabomu na majengo kuporomoka. Hizo hata mimi nazitazama, sikatai. Lakini niruhusuni nieleze kwa nini sinema ya gharama ya kadiri, au hata chini ya hapo, hunishika zaidi.

Tuchukue mfano. Mnamo Februari 2018 zilionyeshwa sinema mbili mpya kuhusu mashujaa wenye nguvu za ajabu. Moja ni Black Panther ya Marekani, ambamo Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o aliigiza. Iligharimu dola milioni 200 hivi. Nyingine ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyopigwa hapa Kenya kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo, ikaonyeshwa Berlin, Ujerumani.

Sasa, pesa zina mambo yake. Aliyetumia dola milioni 200 sharti azirudishe, na soko la nchi moja halitoshi. Hadithi yake lazima imwingie mtu wa China, wa Brazil na wa Machakos kwa pamoja. Ndiyo maana vita huwa vingi, na mwisho tunaujua mapema: shujaa atashinda tu.

Supa Modo haikubeba mzigo huo. Jo, msichana wa miaka 9, ana ugonjwa usiopona, na ndoto yake ni kuwa shujaa. Mama anamtoa hospitalini, anamrudisha nyumbani. Dada yake, Mwix, anakishawishi kijiji kizima kuigiza kana kwamba nguvu za Jo ni za kweli, kisha wanamtengenezea sinema yake. Hakuna jengo linaloanguka. Kuna swali moja zito: mtoto anayekaribia kufa, umwambie ukweli au umpe furaha? Hapo huwezi kubahatisha jibu. Tena watu wanaongea Kiswahili na Kikikuyu, kama majirani zetu.

Nairobi Half Life ya 2012 nayo ilijaa Sheng, na bado ikawa ya kwanza kutumwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar.

Basi vijana wenzangu, Syokimau, yule nabii wa Ukambani anayesimuliwa kwamba aliitabiri reli kama nyoka mrefu, hahitaji dola milioni 200. Anahitaji kamera moja na watu wanaokijua Kikamba. Mcheza kwao hutuzwa!