Itifaki za Intaneti katika Vifaa Vidogo vya Redio Vinavyotumia Umeme Kidogo: Uchambuzi wa Nafasi ya Fremu

Makala haya yanafafanua namna itifaki ya IPv6 inavyotumika katika mitandao ya vihisi visivyotumia waya. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa itifaki hiyo ni nzito mno kwa kifaa chenye betri ndogo na kumbukumbu ya kilobaiti chache. Dhana hiyo ilizaa itifaki nyingi zisizoelewana, kila moja ikihitaji lango la kutafsiri ujumbe kabla haujafika kwenye intaneti. Kila aina mpya ya ujumbe ilipobuniwa, lango nalo lililazimika kubadilishwa. Aidha, lango linalotafsiri ujumbe ni sharti liufungue kwanza, hivyo usiri kati ya kihisi na mpokeaji wa mwisho hukatikia hapo.

Kikwazo cha kumbukumbu kilikuwa cha kwanza kuondolewa. Mwaka 2003, Adam Dunkels wa taasisi ya SICS nchini Uswidi alionyesha kuwa TCP/IP inaweza kutekelezwa katika vichakataji vya biti 8. Kikwazo kilichosalia kilihusu redio yenyewe.

Kiwango cha IEEE 802.15.4, kinachotumiwa sana na vifaa hivi, katika umbo lake la awali huruhusu fremu isiyozidi baiti 127. Taarifa za fremu yenyewe zinaweza kuchukua baiti 25, na usimbaji wa usalama baiti 21, hivyo hubaki baiti 81. Kichwa cha pakiti ya IPv6 huchukua baiti 40 na kile cha UDP baiti 8. Mtumiaji hubakiwa na baiti 33 tu, yaani takriban robo ya fremu. Isitoshe, IPv6 hudai kwamba kila kiungo cha mtandao kiweze kubeba pakiti ya baiti 1280.

Ufumbuzi wa IETF, jopo linaloandaa viwango vya intaneti, ulikuwa kuweka tabaka jembamba kati ya IPv6 na redio. Tabaka hilo, liitwalo 6LoWPAN, lilielezwa katika waraka RFC 4944 wa mwaka 2007, na mbinu yake ya kubana vichwa ikaboreshwa katika RFC 6282 wa mwaka 2011. Msingi wake ni kwamba sehemu kubwa ya kichwa haibebi habari mpya. Toleo la itifaki linajulikana. Urefu wa pakiti hupatikana kutokana na urefu wa fremu. Nayo anwani ya IPv6 mara nyingi hutokana na anwani ya redio ambayo fremu tayari imeibeba. Kinachoweza kukisiwa na mpokeaji hakitumwi. Kwa njia hiyo, kichwa cha baiti 40 huweza kupungua hadi baiti 2 kati ya majirani, au baiti 7 pakiti inapopitia ruta kadhaa. Kikijumlishwa na kichwa cha UDP kilichobanwa hadi baiti 4, nafasi ya ujumbe huongezeka kutoka baiti 33 hadi 70.

Hata hivyo, ubanaji hautatui tatizo la pakiti kubwa. Pakiti isiyotosha katika fremu moja hukatwa vipande, na chini ya RFC 4944 kipande kimoja kikipotea, pakiti nzima hutupwa. Tuseme vipande tisa katika kila kumi hufika, na upotevu wa kimoja hauathiri kingine. Bila fremu kutumwa upya, pakiti ya vipande vitano itafika nzima kwa asilimia 59 tu. Utaratibu wa kurejesha vipande vilivyopotea pekee ulikuja mwaka 2020 kupitia RFC 8931. Mpokeaji naye hugharimika: redio ya CC2420, kwa mfano, hutumia miliampea 18.8 inapopokea na 17.4 inapotuma kwa nguvu yake kamili.

Kwa hiyo, swali la iwapo IP ni nzito halina jibu moja. Ujumbe wa baiti 60 unaotoshea katika fremu moja baada ya ubanaji, na ule wa baiti 90 unaokatwa vipande, hutoa matokeo tofauti kabisa katika mtandao uleule. Utafiti unaolinganisha itifaki kwa kigezo cha betri bila kutaja ukubwa wa ujumbe na hali ya ubanaji haujapima itifaki. Umepima mpaka wa fremu.