Gari linakunywa mafuta? Pima sensa ya oksijeni kabla ya kununua nyingine

Katika biashara ya samaki na mazao mwambao wa Lindi, mafuta ya gari ndiyo mara nyingi huamua kama mtu amepata faida au amefanya kazi ya bure. Mwenye kirikuu anayetoa samaki wa barafu Kilwa Masoko kwenda Dar es Salaam hawezi kupandisha bei kwa sababu gari lake limeongeza ulaji. Bei ya samaki hupangwa sokoni. Kilichobaki mikononi mwake ni lita anazochoma njiani.

Gari la petroli huweza kunywa mafuta kwa sababu nyingi: plagi zilizochoka, kichujio cha hewa kilichoziba, matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Ipo nyingine ambayo haitazamwi sana, nayo ni sensa ya oksijeni iliyozeeka. Haijafa, ila imekuwa nzito kuitika. Gari linaendelea kutembea, na mwenye gari hulipa kidogo kidogo kila safari bila kujua.

Tuchukue mfano. Gari lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita moja sasa linakwenda kilomita 8. Kwa safari ya kilomita 300, lita 30 zimekuwa 37.5. Kwenda na kurudi ni lita 15 za ziada, na kwa safari nane za mwezi ni lita 120. Zidisha kwa bei ya petroli inayotangazwa na EWURA kwa eneo lako, utaona kiasi kinachopotea.

Kazi ya sensa

Sensa hii hufungwa kwenye bomba la ekzosi, karibu na injini. Hupima oksijeni iliyobaki katika moshi na kuipa taarifa kompyuta ya gari kwa umeme mdogo. Mafuta yakizidi, umeme hupanda hadi karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, hushuka hadi karibu volti 0.1. Kompyuta hupunguza au kuongeza mafuta kwa kufuata taarifa hiyo, ikilenga kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Sensa za aina hii zilianza kufungwa kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, zikitengenezwa na Bosch.

Sensa nzito hutoa taarifa ya kweli, lakini kwa kuchelewa. Ni sawa na mnunuzi wa ufuta anayepanga bei ya leo kwa taarifa za mnada wa wiki iliyopita. Kompyuta humwaga mafuta kupita kiasi, kisha huyabana kupita kiasi. Dalili zake ni ulaji kuongezeka, masizi meusi kwenye bomba, injini kuyumba ikiwa sailensa, na taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi.

Namna ya kupima

Kwanza, mwambie fundi akague ekzosi. Tundu lililo kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, nayo sensa huonekana mbovu wakati ni nzima. Akague pia mipira ya hewa, plagi, na soketi ya waya za sensa, maana hewa ya chumvi ya pwani hushambulia vyuma vya soketi.

Pili, kama gari linakubali mashine ya kusoma, litazame. Namba P0133 maana yake ni kwamba sensa ya kwanza inaitika polepole. Namba hiyo ni dalili tu, bado haijathibitisha kuwa sensa ndiyo mbovu.

Tatu, injini ipate moto vizuri, kwani sensa haifanyi kazi sawasawa kabla ya kufikia nyuzi joto 300 hivi. Fundi aweke mita ya dijitali kwenye waya wa taarifa bila kuukata, na injini izunguke mara 2,500 kwa dakika. Umeme unatakiwa upande na kushuka kupita volti 0.45 bila kukoma. Kwa injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990, kipimo ni mara nane au zaidi kwa sekunde 10. Ukihesabu mara mbili au tatu, sensa ni nzito.

Nne, kanyaga mafuta kwa ghafla. Sensa nzima hupanda papo hapo. Iliyochoka hupanda kwa kusuasua.

Tahadhari

Magari mengi mapya zaidi yana sensa ya aina nyingine ambayo umeme wake haupandi na kushuka hivyo. Hizo zipimwe kwa mashine. Vilevile, sensa ya pili, iliyo baada ya masega, hutakiwa kutulia. Usikubali ibadilishwe kwa sababu tu haichezi. Injini za dizeli za zamani, kama za Kenta nyingi, hazina kifaa hiki kabisa.

Sensa ikithibitika kuwa mbovu, tafuta kwanza kilichoiua. Injini inayochoma oili au kuvuja maji ya rejeta ndani itaiharibu na mpya. Gundi ya silikoni iliyopakwa kwenye gasketi nayo huisumbua. Usinunue iliyotolewa kwenye gari bovu, kwa kuwa hujui umri wake. Kupita kwenye dimbwi ekzosi ikiwa ya moto sana pia huweza kuipasua.

Mwisho, weka daftari garini. Andika kilomita na lita kila unapojaza tangi. Kabla ya msimu wa kusogeza ufuta kwenda kwenye maghala ya AMCOS, linganisha kurasa za mwezi huu na za miezi iliyopita. Daftari hilo litakuonyesha mapema kwamba ulaji umebadilika, na baada ya matengenezo litakuonyesha kama fedha uliyomlipa fundi imerudi.