Fundi Akiwa Shemeji

Januari na Februari ni miezi ya nyundo Eldoret. Mvua ndefu hukaribia mwisho wa Machi, na ikishaanza huku Uasin Gishu haina haraka ya kuondoka. Kwa hiyo mwenye paa linalovuja Langas, mwenye jiko la kubanana Kapsoya na mwenye ukuta usio na plasta Kimumu wote humtafuta fundi katika wiki hizohizo chache. Mafundi wenye jina wameshashikwa na mijengo mikubwa ya mji huu, uliopata hadhi ya jiji Agosti 2024. Ndipo mtu humkumbuka shemeji yake anayejua kubandika vigae, au kijana wa kwaya anayepaka rangi, au jirani ambaye amewahi kumsaidia na mlango.

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, yaani kupima kazi na kusema ni ya pesa ngapi. Magomvi ya fundi wa kufahamiana hunifikia yakiwa yameiva, na karibu kila mara wote wawili wanasema kweli. Mwenye nyumba kweli amelipa, na fundi kweli amefanya kazi. Shida ni kwamba walikubaliana juu ya tarakimu moja, na kila mmoja akaijaza kazi aliyoiona kichwani mwake.

Tuchukue mfano. Mama Chebet wa Kapsoya anataka jiko lake lipanuliwe. Shemeji yake anakuja, anatazama, anakunywa chai, anasema: "Shemeji, nipe 80,000 ya ufundi, vifaa vyote ni vyako." Wanapeana mikono. Anamtumia 30,000 ya kuanzia, baadaye 20,000. Wiki ya nne shemeji anapata mjengo Elgon View na haonekani tena. Jiko halipikiki. Mama Chebet anasema amepoteza 50,000. Shemeji anasema anadai 30,000, maana amevunja mgongo huko karibu mwezi mzima.

Hakuna hata mmoja kati ya hesabu hizo mbili iliyo sahihi. Kazi haipimwi kwa siku alizokaa fundi wala kwa hasira ya mwenye jiko. Hupimwa kwa kilichosimama ukutani. Laiti ile 80,000 ingegawanywa tangu siku ya chai, ingesomeka hivi: kuvunja ukuta na kutoa kifusi 10,000, plasta 25,000, vigae 30,000, rangi 15,000. Sasa tembea na karatasi hiyo jikoni. Ukuta umevunjwa wote, 10,000. Plasta imepigwa yote, 25,000. Vigae vimefika nusu, 15,000. Rangi bado. Jumla ni 50,000, sawasawa na alicholipwa. Lakini ukigonga vigae kwa sarafu, baadhi vinatoa mlio mtupu, ishara kwamba gundi iliwekwa kwa madonge badala ya kusambazwa, na vitang'oka. Fundi mwingine anasema kuvirudia ni 6,000. Basi shemeji anastahili 44,000 na amepokea 50,000. Ugomvi uliokuwa wa 50,000 upande mmoja na 30,000 upande wa pili umebaki wa 6,000, na 6,000 huzungumzika hata mbele ya mama mkwe.

Mgawanyo huo ndio mkataba. Hauhitaji wakili wala muhuri. Sheria ya Kenya haidai kazi ya namna hii iandikwe ndipo ishike. Makubaliano ya mdomo yanatosha kumfunga mtu. Ila ya mdomo huthibitishwa kwa taabu, na kumbukumbu huelekea upande wa mwenye nayo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari lipo mfukoni. Ukishapatana na fundi, mtumie ujumbe palepale: "Shemeji, tumesema kuvunja 10,000, plasta 25,000, vigae 30,000, rangi 15,000. Nalipa kila sehemu ikiisha. Vifaa nanunua mimi. Sawa?" Akijibu "Sawa", mmeandikiana.

Wengi huona aibu kumwandikia mtu wa nyumbani. Naona aibu hiyo imekaa pabaya. Fundi usiyemjua unaweza kuachana naye na maisha yakaendelea. Shemeji utakutana naye kwenye kila harusi na kila matanga. Yeye ndiye anayestahili karatasi iliyo wazi kuliko wote.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi. Kila upande huingia kazini ukidhani undugu ni punguzo lake. Mwenye nyumba anatarajia bei ya chini, na kwamba fundi "atamwangalilia" pia mlango wa nyuma, bomba la bafuni na kile kigae kilichopasuka barazani. Fundi naye anatarajia chakula cha mchana, uvumilivu akichelewa, na pesa ya mapema karo ikibana. Vitu hivi vyote vina gharama. Kazi za ziada ndizo huharibu hesabu kuliko kitu chochote nilichowahi kupima, kwa sababu huombwa kwa upole na hufanywa kwa upole, kisha hudaiwa kwa ukali. Mlango wa nyuma ukitajwa, utajwe na bei yake siku hiyohiyo. Kama ni zawadi, fundi aseme ni zawadi.

Sasa pesa ya kuanzia. Mafundi wengi wadogo hawana akiba ya kuendeshea kazi. Amana yako mara nyingi inaenda kumaliza kazi ya mteja aliyetangulia, na yako itamalizwa kwa amana ya mteja ajaye. Simwiti mwizi anayeishi hivyo. Pesa inazunguka, na mnyororo ukikatika mmoja hubaki na nusu jiko. Dawa ni kutompa nafasi ya kuzungusha. Vifaa lipia mwenyewe dukani, kwa M-Pesa, risiti ikiwa na jina lako, hata kama fundi ndiye aliyekwenda kuchagua. Ufundi ulipe kidogokidogo kazi inavyosimama. Na bakisha kitu. Katika miradi mikubwa mwenye mradi huzuia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, mpaka kasoro zirekebishwe. Nyumbani unaweza kufanya vivyo hivyo: paa lililoezekwa Februari, sehemu ya mwisho ilipwe baada ya mvua kubwa ya kwanza. Lakini hilo lisemwe mapema. Kulitangaza kazi ikiisha ni kumdhulumu mtu.

Ulizia pia mtu wa mkono, yule anayechanganya mchanga na simiti na kubeba maji. Nani anamlipa? Nimeona fundi akipokea pesa zote na kuondoka, halafu kijana wa watu anasimama langoni kwa mwenye nyumba akidai siku zake. Kama wewe ndiye uliyemwita, unamwelekeza na kumlipa kwa siku, wewe ndiye mwajiri, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa siku alipwe siku inapoisha. Kama ameletwa na fundi, andika kwenye ule ujumbe kwamba analipwa na fundi.

Nyaya za umeme usimpe mtu kwa kufahamiana tu. Fundi umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na kuiomba uione si kumtukana. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi nayo husajili mafundi wa ujenzi. Aliye na kadi yake huitoa bila kusukumwa.

Walio ng'ambo wana ugumu wao. Eldoret ina watoto wengi Marekani, Kanada na Uingereza wanaotuma pesa kwa kaka au binamu ili asimamie ukarabati wa nyumba ya wazazi. Hapo kaka ni msimamizi, mnunuzi na mtoa habari kwa wakati mmoja, naye hana mshahara. Mlipeni. Msimamizi asiyelipwa hujilipa. Na picha za kazi ziombwe kwa mtu mwingine, hata kama ni binti wa jirani mwenye simu nzuri.

Ugomvi ukishatokea, jambo la kwanza ni kupima kabla ya kuongea. Piga picha kazi ilivyo, kabla fundi mwingine hajagusa kitu. Tafuteni fundi wa tatu asiye wa upande wowote, mumlipe pamoja kwa saa chache, atembee na nyinyi wote wawili. Kisha mwandikie mwenzako hesabu yako na siku unayotaka jibu. Ikishindikana, mchungaji, mzee wa mtaa au mwenyekiti wa chama anaweza kusikiliza. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze usuluhishi wa nje, ukiwemo wa kimila. Mkiafikiana, mapatano hayo nayo yaandikwe na kutiwa sahihi.

Kuna mambo watu hufanya kwa hasira yanayowageuza kutoka wadai hadi washtakiwa. Fundi asirudi usiku kung'oa madirisha aliyoyafunga. Yameshakuwa sehemu ya nyumba, na huo ni uharibifu wa mali. Mwenye nyumba asizuie mashine wala vyombo vya fundi ili alipwe. Na polisi si wakusanya madeni. Kazi iliyoachwa nusu kwa kawaida ni suala la madai, si jinai, isipokuwa pesa ilichukuliwa kwa ulaghai tangu mwanzo.

Pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa 2016, mahakama ya kwanza ikaanza kazi Nairobi 2021, na Eldoret inayo. Inasikiliza madai ya huduma na bidhaa yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisimamia bila wakili na kujieleza kwa Kiswahili, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu dai lifunguliwe. Anayeshtakiwa naye anaweza kuleta dai lake papo hapo, kwa hiyo usiende kudai 50,000 wakati kipimo kinasema 6,000. Ujira wa kibarua wa siku hauendi huko; huo ni wa afisa wa leba, na ukikwama, mahakama yenye mamlaka ya kesi za ajira.

Dai la mkataba hudumu miaka 6 kabla ya kufungwa na sheria ya ukomo; la ajira, miaka 3. Simu hazidumu hivyo. Kabla ya kuuza au kubadilisha ile uliyopatania kazi, hamisha picha, ujumbe na taarifa za M-Pesa, uziweke mahali ambapo utazikuta.