Kitabu cha Bure Si Lazima Kiwe Huria: Maana ya Leseni Huria katika Vitabu vya Vyuo Vikuu

Mwanafunzi anayejiunga na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu hukabidhiwa, ndani ya wiki chache za mwanzo, orodha ya vitabu ambavyo mhadhiri anamtarajia avisome. Vingi kati ya vitabu hivyo, hasa vya sayansi, tiba na uhandisi, vimechapishwa Ulaya au Marekani, ambako si ajabu kitabu kimoja kuuzwa kwa zaidi ya dola 100. Maktaba huwa na nakala chache zinazogombewa na darasa zima. Kinachobaki ni steshenari iliyo jirani na lango la chuo, ambako sura zinazohitajika hutolewa kopi, au faili linalorushwa kutoka simu moja hadi nyingine bila mtu kujua lilikotoka.

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa imekuwa ikijengeka njia nyingine, ambayo bado haijafahamika vya kutosha miongoni mwa wazazi na wanafunzi. Hiyo ni njia ya vitabu vya kiada vinavyoandikwa na wahadhiri na kutolewa kwa umma chini ya leseni huria. Vitabu hivi havilipiwi, lakini kutolipiwa siyo sifa yake pekee, wala siyo iliyo kubwa zaidi. Faili la kitabu lililosambazwa kwenye kundi la WhatsApp nalo halilipiwi. Tofauti iko katika ruhusa, kwa kuwa mwenye kitabu huria ameandika, kwa maneno yanayotambulika kisheria, kwamba msomaji yeyote anaweza kukinakili, kukichapa na kukigawa, na mara nyingi pia kukibadili.

Ili kuielewa ruhusa hiyo ni vyema kuanza na sheria. Nchini Tanzania, kazi za maandishi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ulinzi huo huanza pale kazi inapobuniwa, hata kama haijasajiliwa popote, na hudumu katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kitabu kisichokuwa na neno lolote kuhusu haki za mtunzi hakijaachwa wazi kwa kila mtu. Ukimya maana yake ni kwamba haki zote zimebaki kwa mwenyewe, na anayetaka kukinakili zaidi ya mipaka inayoruhusiwa na sheria anapaswa kuomba idhini.

Leseni huria ni idhini iliyotolewa mapema, kwa watu wote kwa wakati mmoja. Zinazotumika zaidi duniani ni zile zilizoandaliwa na taasisi ya Creative Commons, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza mwaka uliofuata. Leseni zake kuu ziko sita na zote zina sharti moja la pamoja, kwamba jina la mtunzi litajwe. Juu ya sharti hilo mtunzi anaweza kuongeza mengine. Anaweza kuzuia matumizi ya kibiashara, au kudai kwamba yeyote atakayekibadili kitabu atoe toleo lake jipya chini ya leseni hiyohiyo, au kukataza kabisa kitabu kisibadilishwe. Sharti hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu tafsiri nayo huhesabiwa kuwa badiliko. Kitabu chenye leseni ya kutobadilishwa kinaweza kugawiwa kwa maelfu ya wanafunzi bila malipo, lakini hakiwezi kusambazwa kwa Kiswahili bila idhini nyingine. Wataalamu wengi wa fani hii hawakihesabu kitabu cha namna hiyo kuwa huria.

Jambo jingine ambalo halijulikani sana ni kwamba mtunzi akishatoa leseni hizi hawezi kuifuta kwa nakala zilizokwisha kutolewa. Anaweza kuacha kukisambaza kitabu yeye mwenyewe, lakini aliyekwisha kukipata anaendelea kuwa na haki alizopewa. Hata tovuti ya chuo ikifungwa, nakala iliyohifadhiwa kwenye maktaba nyingine inabaki kuwa halali.

Mfano wa nyumbani unaweza kuisaidia tofauti hii kueleweka. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeweka vitabu vya kiada vya shule katika maktaba mtandao, na mwanafunzi anaweza kuvisoma humo bila kulipa. Hiyo ni huduma kubwa. Hata hivyo, kusoma bila kulipa hakumpi msomaji haki ya kukichapa kitabu upya na kukiuza, wala kukibadili. Haki hizo hubaki kwa taasisi.

Chimbuko la vitabu huria vya vyuo vikuu liko katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2001 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani, wa kuweka wazi mtandaoni maudhui ya masomo yake. Mwaka 2002, mkutano ulioitishwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) mjini Paris uliipa dhana hiyo jina la rasilimali huria za elimu. Hatua ya vitabu kamili ilikuja muongo mmoja baadaye. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Rice kilichoko Houston, Texas, kilianza kutoa vitabu vya mwaka wa kwanza kupitia mradi wa OpenStax, kikianza na fizikia na sosholojia. Mwaka huohuo serikali ya jimbo la British Columbia, Kanada, ilitangaza kugharimia vitabu huria kwa masomo 40 yenye wanafunzi wengi zaidi katika vyuo vya jimbo hilo.

Miongoni mwa vitabu vya OpenStax kipo kimoja ambacho historia yake inastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Kitabu cha kemia ya kaboni cha John McMurry, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Cornell, kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1984 na kwa zaidi ya miaka 30 kiliuzwa na wachapishaji wa kibiashara kikiwa miongoni mwa vitabu mashuhuri vya somo hilo. Mwaka 2019 mwandishi alifiwa na mwanawe aliyekuwa akiugua ugonjwa wa kurithi unaoathiri mapafu. Kwa kumkumbuka, aliamua toleo la kumi litolewe chini ya leseni huria, na likatoka mwaka 2023. Leo mwanafunzi wa kemia popote alipo anaweza kulipakua lote. Leseni yake inazuia biashara na kudai matoleo yatakayotokana nalo yabaki huria, lakini haizuii tafsiri.

Barani Afrika, mfano ulio wazi zaidi unatoka Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Profesa Johan Fagan, daktari bingwa wa upasuaji wa masikio, pua na koo, anahariri kitabu huria cha upasuaji wa fani hiyo, ambacho sura zake zimeandikwa na madaktari wa nchi mbalimbali. Kila sura ni faili linalojitegemea, lenye picha na michoro ya hatua za upasuaji. Daktari aliye katika hospitali ya rufaa ya mkoa, mbali na maktaba yoyote ya tiba, anaweza kupakua sura moja tu anayoihitaji na kuisoma kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Vitabu vya namna hii huuzwa kwa bei ambayo hata hospitali huifikiria mara mbili, na wanunuzi wake ni wachache kiasi kwamba hakuna mchapishaji wa kanda hii ambaye angepata faida kwa kukichapa.

Afrika Mashariki nayo imeshiriki kwa kalamu yake. Chuo Kikuu Mtandao cha Afrika (AVU), chenye makao yake Nairobi, kilizikutanisha taasisi za nchi 10, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ili wahadhiri wao waandike moduli za kufundishia walimu wa hisabati, fizikia, kemia, baiolojia na teknolojia ya habari. Zilipatikana moduli 73, zilizotolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mradi mwingine, TESSA, unaoratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na ambao Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni mshirika wake, ulizalisha masomo ya kuwaendeleza walimu wa shule za msingi, na kati ya lugha zake imo Kiswahili. Ni kwa sababu ya leseni huria kwamba somo lililoandikwa kwa ajili ya walimu wa Afrika nzima liliweza kupewa mifano na majina ya Kitanzania.

Suala la mifano si dogo. Kitabu cha sosholojia kilichoandikwa kwa mwanafunzi wa Texas huzungumzia bima ya afya, rangi na uchaguzi wa Marekani. Kitabu cha uchumi hutumia viwango vya riba vya huko. Mhadhiri wa Dodoma au Mbeya anayekipokea kitabu huria anaruhusiwa kuondoa sura hizo na kuweka ushirika wa mazao, mfuko wa bima wa hapa nchini au biashara ya mipakani. Sheria na historia zinadai kazi kubwa zaidi, kwani kitabu cha sheria ya mikataba cha nchi nyingine hakiwezi kuhamishwa kwa kubadili majina tu. Kwa masomo hayo hakuna njia ya mkato. Wahadhiri wa nchini ndio watakaoviandika.

Hapo ndipo swali la gharama linapojitokeza, na ni swali la haki kuuliza. Kitabu kisicholipiwa na msomaji kimelipiwa na mtu mwingine. Kuandika kitabu cha kiada huchukua miaka, na baada ya mwandishi huja wanataaluma wa kukipitia, mhariri na mchoraji. OpenStax imetegemea mifuko ya hisani, ukiwemo wa Hewlett na wa Gates, na British Columbia ilitumia fedha za umma. Bila chanzo cha fedha kinachoeleweka, kitabu huria hubaki vitini vya mhadhiri mmoja vilivyobadilishwa jalada. Aidha, mhadhiri huhesabiwa kwa makala za utafiti anapoomba kupandishwa cheo, na kitabu cha kufundishia mara nyingi hakimwongezei mengi. Chuo Kikuu cha Cape Town kimelijibu tatizo hilo kwa kuanzisha tuzo maalumu ya vitabu huria. Vyuo vingine vinaweza kulijibu kupitia miundo ya utumishi. Umiliki nao unahitaji kuwekwa wazi mapema. Kabla mhadhiri hajatia leseni kwenye kitabu, ni lazima iandikwe iwapo haki ni yake au ni ya chuo kilichomwajiri, kwa kuwa asiye na haki hawezi kuitolea ruhusa.

Kuhusu ubora, hofu ya kwamba kitabu cha bure ni kitabu dhaifu haina msingi katika leseni yenyewe. Leseni haisemi lolote kuhusu ubora, liwe zuri au baya. Kinachotofautisha ni mapitio. Vitabu vya miradi mikubwa hupitiwa na wanataaluma kama vile vya kibiashara, na makosa yanapogunduliwa husahihishwa bila kusubiri toleo jipya. Upande wa pili wa urahisi huo ni kwamba nakala mbili zenye jalada moja zinaweza kutofautiana ndani, hivyo mhadhiri anayeagiza kitabu anapaswa kutaja tarehe ya toleo.

Upatikanaji wa intaneti unabaki kuwa kikwazo, lakini leseni inakipunguza. Faili likipakuliwa mara moja na maktaba linaweza kunakiliwa kwenye kompyuta na simu za darasa zima bila kifurushi, na chuo kinaweza kulichapa kwa gharama ya karatasi na wino tu. Tafsiri pia imekwisha kufanyika kwingine: nchini Poland, kitabu cha fizikia cha OpenStax kilitolewa kwa Kipolandi kuanzia mwaka 2018.

Kwa upande wa sera, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha Novemba 2019 Pendekezo kuhusu Rasilimali Huria za Elimu, linalozitaka nchi wanachama kujenga uwezo, kutunga sera, kuhakikisha ujumuishi, kutafuta njia endelevu za kugharimia na kushirikiana kimataifa. Pendekezo halina nguvu ya mkataba, ingawa nchi huombwa kutoa taarifa za utekelezaji.

Mwananchi anayetaka kujua kama kitabu alichonacho ni huria hana haja ya mtaalamu. Afungue ukurasa wa nyuma ya jalada la ndani, mahali pa jina la mchapishaji na mwaka. Kitabu huria hutaja leseni yake kwa jina, namba ya toleo la leseni na masharti yake. Cha Creative Commons huwa pia na alama ya herufi mbili za C ndani ya duara. Pasipo tamko hilo, kitabu kichukuliwe kuwa haki zake zote zimehifadhiwa, hata kama kimepatikana bila kulipiwa shilingi moja. Maelezo zaidi kuhusu haki za watunzi hutolewa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).