Kabla Hujanunua Drili: Hesabu Tano Ndogo za Kufanya Dukani

Tuseme una miaka 20 na kitu, umepata hela yako ya kwanza ya maana, na umechoka kumpigia fundi simu kila rafu ya vitabu ikilegea. Unataka vifaa vyako mwenyewe: drili, grenda, labda na jigsoo. Unaingia Kariakoo, unashuka mpaka Gerezani, na kila duka lina ukuta mzima wa mashine za kijani, njano, bluu na nyekundu. Muuzaji anakwambia, "Chukua hii kaka, ina volti nyingi." Utajuaje kama anasema kweli?

Habari njema ni kwamba fizikia uliyoisoma sekondari inatosha kabisa. Twende hatua kwa hatua.

1. Volti za kwenye boksi na volti za ukweli

Drili nyingi zisizo na waya zinatumia betri ya lithiamu. Ndani ya betri hiyo kuna seli ndogo, kila moja karibu na ukubwa wa kidole, zimeungwa kwa mfululizo. Seli moja ina volti 3.6 kwa wastani, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Betri ya kawaida ina seli 5 kwenye mfululizo. Piga hesabu: 5 × 3.6 = volti 18. Zikijaa, 5 × 4.2 = volti 21.

Kwa hiyo 18V, 20V na 21V mara nyingi ni betri zenye seli 5 zilezile, ila kila mwenye kiwanda amechagua namba anayoipenda. DeWalt, kwa mfano, anauza Marekani kwa jina la 20V MAX na Ulaya kwa jina la 18V XR. Hakuna mwenye nguvu zaidi hapo.

Sasa njoo kwenye zile za bei poa zilizoandikwa 88VF au 128VF. Ili upate volti 88 za kweli unahitaji seli kama 24 kwenye mfululizo. Seli moja ya aina ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo seli peke yake zingezidi kilo moja. Ukiishika ile betri na ikawa nyepesi kama simu mbili, jibu unalo. Kuna njia rahisi zaidi: geuza chaja usome imeandikwa inatoa volti ngapi. Ikiandikwa 21V, umeshika betri ya seli 5, hata kama boksi linasema mia moja na kitu. Ikiandikwa 12.6V, ni seli 3.

2. Ah ndiyo tangi lako

Volti peke yake haikwambii betri itadumu muda gani. Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa. Betri ya 18V yenye 2Ah ina wati-saa 36. Ya 4Ah ina 72, kwa sababu kwa kawaida ndani yake kuna safu mbili za seli tano tano.

Wati-saa 36 zinatosha kufunga skrubu nyingi sana. Lakini grenda inayokula wati 500 mfululizo itazimaliza kwa dakika nne na kidogo. Kumbe ndiyo maana grenda ya betri ndogo inakatisha tamaa, wakati drili yenye betri hiyohiyo unaifurahia wiki nzima.

Kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshalipa: betri za kampuni moja haziingii kwenye mashine za kampuni nyingine. Siku unanunua drili ya kwanza, unachagua pia familia ya betri, na betri ndiyo yenye gharama. Kabla hujalipa, uliza: betri ya ziada inapatikana hapa mjini? Mashine tupu bila betri zinauzwa? Kama jibu la yote mawili ni hapana, siku betri ikifa drili nayo imekufa.

3. Mota ya kaboni au isiyo na kaboni?

Kwenye mota ya kawaida, umeme unaingia kwenye sehemu inayozunguka kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyoisugua. Zile cheche unazoziona kwenye matundu ya mashine zinatoka hapo. Msuguano huo unapoteza nishati, na kaboni zinaisha. Mota isiyo na kaboni ina sumaku kwenye sehemu inayozunguka, na sakiti ya elektroniki ndiyo inayowasha koili kwa zamu. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo betri inadumu zaidi na joto ni kidogo.

Je, ya pili ndiyo bora siku zote? Siyo lazima. Kaboni ikiisha unanunua nyingine na unaibadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Sakiti ikiungua, bei ya kutengeneza inaweza kukaribia bei ya mashine. Kwa mtu anayetoboa Jumamosi tu, mota ya kaboni ya kampuni yenye spea mjini haina ubaya wowote.

4. Mtumba wa Japani na Marekani

Mashine za mtumba mara nyingi ni imara kweli. Lakini soma kibati chake kwanza. Umeme wa Japani ni volti 100 na wa Marekani ni 120, wakati soketi yako ya Tanzania ina 230. Kwa kifaa rahisi kama hita, nguvu huongezeka kwa mraba wa volti: 230 gawanya kwa 100, halafu zidisha jibu kwa lenyewe, unapata zaidi ya mara 5. Mota haifuati hesabu hiyo sawasawa, ila mwisho wake ni uleule: itazunguka kwa kasi ya ajabu, itanuka, itaungua. Utahitaji transfoma yenye wati zinazozidi za mashine, kwa hiyo iweke kwenye bajeti kabla hujasema umepata bei ya chee.

5. Grenda: hesabu ambayo usiiruke

Hapa naomba tutulie, maana hapa pesa siyo hoja tena.

Grenda ndogo inabeba diski ya milimita 115 na inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski unakwenda kasi gani? Mzingo ni pai mara kipenyo, yaani 3.14 × 0.115 = mita 0.36. Mizunguko 11,000 kwa dakika ni kama 183 kwa sekunde. Zidisha: mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Treni yetu ya SGR imesanifiwa kwa kilomita 160.

Diski nyingi za kukatia zimeandikwa kikomo cha mita 80 kwa sekunde, kwa hiyo uko salama. Sasa umeshaona watu wanavyovua kava na kufunga diski ya inchi 7 kwenye grenda ndogo ili ikate ndani zaidi. Kipenyo kimekuwa milimita 180, mizunguko ni ileile. Ukingo sasa unakwenda karibu mita 104 kwa sekunde. Na nguvu inayotaka kuipasua diski inakua kwa mraba wa kasi: 104 gawanya kwa 80, kwa mraba, ni karibu 1.7. Umeivuta diski asilimia 70 zaidi ya kikomo chake, na ile kava ambayo ingezuia vipande visikufikie usoni umeiweka sakafuni.

Kwa hiyo kava ibaki, na miwani ya kinga ivaliwe hata kwa kukata nondo moja. Linganisha mizunguko iliyoandikwa kwenye diski na ya grenda. Ya diski isiwe ndogo. Angalia pia pete ya chuma katikati ya diski, pana mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Na usifunge msumeno wa mbao kwenye grenda. Meno yakinasa, mashine inarukia aliyeishika.

Basi uanze na nini?

Anza na futikamba, kona mraba, msumeno wa mkono na nyundo. Halafu drili ya 18V yenye gia mbili: gia ya kwanza inazunguka taratibu lakini kwa nguvu, kwa ajili ya skrubu; ya pili ni ya kutoboa. Kwa ukuta wa tofali, chagua yenye kugonga. Kwa nguzo ya zege kazima mashine kubwa kwa fundi, utaihitaji mara mbili kwa mwaka. Jigsoo na mashine ya msasa zifuate pale kazi itakapozidai. Grenda iwe ya mwisho.

Mashine iliyokaa kwenye boksi miezi sita ilikuwa hela ya mbao. Nunua mbao kwanza.