Kicheko cha Madevelopa na Daftari la Mkulima
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita makala haya yalieleza kazi ya mwandishi wa programu za kompyuta: nani humpa kazi, hulipwa vipi, na kwa nini kijana aliyepanga chumba mtaa wa Skuta, Nyeri, huenda akafungua laptopu yake majirani wakifunga milango, kwa kuwa mteja wake yuko Marekani na huko ndiyo kwanza kumekucha. Leo tunageukia jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni mizaha yao. Watu wa kazi hii wanapenda mzaha kupita kiasi, na mzaha wao una mada moja kubwa: kushindwa. Daktari hatanii hadharani kuhusu mgonjwa aliyemfia mikononi, wala rubani hawaambii abiria kwa kicheko kwamba hajui kile kitufe chekundu ni cha nini. Lakini mwandishi wa programu atakueleza mchana kweupe kwamba mfumo wake ulianguka jana, kwamba hajui uliinuka vipi, na kwamba tangu hapo anaogopa kuugusa. Hoja yangu ni kwamba kicheko hiki tukichukulie kama ushahidi. Wanaoijua kompyuta kwa ndani wanatuambia kwamba hukosea, tena mara nyingi. Shida yetu katika miji hii inayouzunguka Mlima Kenya ni kwamba ushahidi huo unaishia chumbani mwao. Haumfikii karani wa sacco, wala mama aliyepanga foleni kiwandani na gunia la kahawa mbivu mgongoni.

Tuanze na mfano wa karibu. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, lango ambalo programu ya mtu yeyote yaweza kupitia ili izungumze na M-Pesa. Anayejifunza kuandika programu za malipo nchini hupita humo, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi au mtu aliyejifundisha mwenyewe usiku kwa bando la simu. Waliopita humo wanaijua namba 174379, namba ya biashara ya kufanyia majaribio, kama wanavyozijua namba zao za simu. Mteja akibonyeza kulipa, simu yake humwomba namba ya siri. Akiiandika, pesa hutoka. Baada ya hapo jibu hutumwa kwenye anwani iliyotajwa mapema na aliyeandika programu, nalo huja kwa tarakimu. Sufuri maana yake malipo yamefaulu, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu. Hapo ndipo utani hupata malighafi: ukimsikia kijana akilalamika kwamba mpenzi wake ni 1037 tangu Ijumaa, umeshajua anafanya kazi gani. Ila chini ya utani huo kuna jambo zito. Jibu lenyewe laweza kukosa pa kufikia. Labda stima imepotea, au seva ya kupangisha imezimwa kwa kutolipiwa, au anwani ilibadilishwa na hakuna aliyekumbuka. Pesa zimemtoka mteja, na daftari la muuzaji linasema hajalipa. Mteja akionyesha ujumbe wa M-Pesa anasema kweli, na karani akionyesha skrini yake naye hadanganyi. Mwandishi mzoefu huongeza sehemu nyingine ya programu ya kurudi kuuliza, baada ya muda, kama malipo yale yalikamilika. Mgeni wa kazi huisahau, na wenzake ndio humkumbusha kwa kumcheka: na jibu lisiporudi, bwana?

Desturi hii ni ya zamani katika fani, wala haikuanzia kwetu. Tarehe 1 Aprili 1998 mtaalamu wa kompyuta Larry Masinter alichapisha waraka namba 2324 katika mfululizo rasmi wa nyaraka za kanuni za intaneti, akieleza kwa lugha kavu ya kihandisi namna ya kuiamuru mashine ya kahawa kupitia mtandao. Humo mna jibu namba 418, ambalo birika la chai hulitoa likiombwa kupika kahawa: haliwezi, kwa kuwa ni birika la chai. (Nyeri, inayokuza kahawa nzuri ajabu na kunywa chai asubuhi na jioni, ingestahili kulitundika jibu hilo kwenye lango la kaunti.) Mzaha ule ulikuwa na shabaha. Wakati huo kila mtu alikuwa akiibebesha itifaki ya wavuti kazi ambazo haikuundiwa, na Masinter aliwaonyesha wenzake upuuzi wa njia hiyo kwa kuifuata mpaka mwisho wake. Mwaka 2017 ilipopendekezwa 418 iondolewe katika programu kadhaa zinazotumika sana, waandishi wa programu walipinga hadi ikaachwa. Hata safari ya mwezini ya 1969 haikukosa mambo haya. Katika msimbo wa kompyuta iliyoongoza chombo cha Apollo 11 kushuka mwezini, mmoja wa waandishi aliacha maelezo kwamba mistari fulani ni ya muda tu, kisha akaongeza, mara tatu mfululizo, kwamba anatumaini. Mistari hiyo ilisafiri hivyo hivyo.

Kwa nini watu waliosoma hesabu waongee hivi? Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu, maana utani ni taasisi kwetu. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana tangu enzi za misafara ya karne ya 19, na mtani aliweza kumwambia mwenziwe maneno ambayo yakitoka kinywani mwa mwingine yangeleta ugomvi. Wakikuyu nao waliwapa wana rika ruhusa ya kuambiana ukweli bila kuzunguka, na bibi humwita mjukuu wake mume wake, wakacheka, na katika kicheko hicho mtoto akakemewa bila kuvunjwa moyo. Kazi ya programu inahitaji ruhusa ya aina hiyo kuliko kazi nyingi. Programu ya watu watano ikivunjika, kosa ni la mmoja, na kila badiliko limehifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya na saa aliyolifanya. Bila utani, rekodi hiyo ingekuwa hati ya mashtaka. Kukiwa na utani, kijana wa miezi mitatu kazini anaweza kumwambia mkuu wake kwamba mstari aliouandika Ijumaa jioni, kabla ya kukimbilia matatu ya Nairobi, ndio uliowaamsha watu Jumamosi. Ndiyo maana onyo la kutopeleka toleo jipya siku ya Ijumaa limedumu kama mzaha. Lingekuwa sheria ya ofisi, lingekwisha sahauliwa.

Kuna watakaosema kwamba ninawapamba watu hawa. Pingamizi la kwanza ni kwamba mzaha wao ni uzio: ni wa Kiingereza, umejaa tarakimu, na mara nyingi hutumika kumdhalilisha mgeni anayeuliza swali la msingi, hasa msichana aliye peke yake darasani. Hilo ni kweli na silipunguzi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mradi wa programu wa Linux, aliomba radhi hadharani Septemba 2018 kwa ukali wa maneno yake kwa wenzake, akachukua mapumziko, na mradi ukajiwekea kanuni mpya za mwenendo. Lakini angalia tofauti. Utani una masharti: unaelekezwa kwa kosa, na anayetaniwa ana haki ya kurudisha. Aliye juu akimrushia aliye chini maneno ambayo huyu hawezi kuyarudisha, huo ni uonevu, hata watu wakicheka. Fani yenyewe imejifunza kutenganisha mambo hayo mawili, kwa kuchelewa na kwa shingo upande.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Anayecheka kosa, yasemwa, amelizoea, na aliyezoea kosa halirekebishi; afadhali taasisi yenye nidhamu, isiyochekacheka, inayosimama imara na mfumo wake. Hoja hii ingenishinda kama Uingereza isingetupatia mfano wa taasisi ya namna hiyo. Kuanzia 1999 Posta ya Uingereza iliweka katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliosimamiwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha usiokuwapo, na wasimamizi wa matawi wakadaiwa, wakafilisiwa, wakafungwa. Hadi 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wamehukumiwa kwa ushahidi uliotegemea mfumo huo. Wahandisi walijua kwamba kasoro zipo. Moja waliiita kwa jina la tawi lilikoonekana, Callendar Square huko Falkirk. Nje, Posta ilisisitiza kwamba mfumo ni madhubuti, na kwa miaka mingi ilikana kwamba mtu wa Fujitsu angeweza kubadilisha hesabu za tawi akiwa mbali. Angeweza. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2019 kwamba mfumo haukuwa wa kuaminika kama ilivyodaiwa, Mahakama ya Rufaa ikafuta hukumu 39 Aprili 2021, na Bunge likatunga sheria ya kuwasafisha mamia waliobaki Mei 2024. Ubaya mkubwa kuliko kasoro zenyewe ulikuwa kwamba waliozijua hawakusikilizwa, na waliosema mbele ya mahakama hawakukiri. Sheria ya Uingereza ilichangia, kwa kuchukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Msimamizi wa duka dogo kijijini angethibitisha kwa nini?

Sasa turudi huku kwetu. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kuanzia mwanzo wa 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Palipotakiwa tarehe pakiwekwa sufuri kimakosa, programu nyingi huionyesha siku hiyo. Mwandishi wa programu akiona mtu aliyezaliwa 1 Januari 1970 huanza kwa kushuku, kisha hucheka: hapo huenda hapakuandikwa kitu. Karani akiiona, anaona tarehe ya kuzaliwa. Mfikirie mzee wa Tetu aliyezaliwa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, ambaye hakuna aliyeandika siku yake, na ambaye sasa anaulizia fedha za Inua Jamii zinazotolewa kwa waliotimiza miaka 70. Skrini ikisema 1970, mzee hatahiniwi zaidi. Ataambiwa bado ni kijana, arudi baadaye. Chumba cha Skuta kingemtatulia jambo lake kwa dakika moja, maana huko tarehe hiyo ni kichekesho cha zamani. Dirishani ni hukumu. Ujuzi ni ule ule, ila haujavuka barabara.

Ndivyo ilivyo pia kwa kahawa. Mizani ya kielektroniki inaingia viwandani, kilo zinaandikwa kwa namba ya mwanachama, ujumbe unafika kwenye simu, malipo yanapita benki au M-Pesa. Mimi naunga mkono mabadiliko haya. Mizani ya zamani na karani mwenye kalamu nyepesi viliwaibia wakulima kwa miaka mingi, na hakuna haja ya kuvililia. Lakini kalamu ilikuwa na sifa moja: kila mtu aliishuku. Kompyuta imeingia na heshima ambayo haijaitolea jasho. Mwaka 2017 Wakenya walionyesha kwamba wanaweza kuishuku. Baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, huku tume ya uchaguzi ikiwa haijafungua seva zake kikamilifu kama ilivyoamriwa, wito wa kufungua seva uligeuka utani wa mitaani, ukasemwa hata na watu ambao hawakuwahi kuona seva. Ulikuwa utani wenye akili. Haieleweki kwa nini swali tulilolielekeza kwa tume ya uchaguzi tusilielekeze kwa mfumo unaopima kilo zetu na kukokotoa mikopo yetu.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wanachama wa vyama vya ushirika na sacco, kuanzia Othaya na Mukurwe-ini hadi Karatina, Kerugoya na Embu. Mkutano mkuu wa mwaka ukifika, kabla ya kupitisha ununuzi wa mfumo mpya, ulizeni ni nani anaweza kubadilisha kilo au salio likishaandikwa, na kama badiliko hilo huacha jina lake na saa. Daini stakabadhi ya karatasi mahali pa kupimia, na muihifadhi hata kama ujumbe umefika kwenye simu. Kisha mwiteni aliyeuandika mfumo wenyewe, si muuzaji aliyevaa tai, mumwombe aeleze mbele ya watu ulikosea lini mara ya mwisho na alifanyaje. Akicheka kidogo, akaanza kusimulia, msikilizeni vizuri. Akisema haujawahi kukosea, msitie saini.