Kula Chumvi Nyingi: Lugha, Uzee na Siha katika Ng'ambo za Mombasa

Katika Kiswahili, mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Msemo huu hutumiwa kwa heshima. Aliyekula chumvi nyingi ameona mengi, amezika wengi, amepokea wajukuu, na neno lake halipuuzwi barazani. Hata hivyo, mzee huyo huyo akienda zahanati kupimwa presha, aghalabu nasaha ya kwanza apewayo ni apunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Kinaya hiki ni kidogo, lakini kinatufunulia jambo. Lugha ina mtazamo wake juu ya uzee, utabibu una wake, na mzee wa Likoni, Kisauni au Changamwe huishi baina ya mitazamo hiyo miwili. Makala haya yanachunguza maneno ambayo kwayo uzee husemwa katika maeneo hayo ya ng'ambo, na namna maneno hayo yanavyoweza kumfaa au kumdhuru anayezeeka.

Swali la awali ni uzee huanza lini. Shaaban Robert aliita sehemu ya pili ya wasifu wake "Baada ya Miaka Hamsini", kana kwamba hamsini ni kizingiti. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliishi miaka michache tu ng'ambo ya kizingiti hicho. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua mzee kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 60, na kifungu cha 57 kinataka aishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na Serikali. Mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa mwaka 2018 ili kuwafikia wazee wote bila kujali hali yao, ulianzia miaka 70, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Baina ya 60 na 70, basi, upo muongo mzima ambamo mtu ni mzee kwa Katiba lakini si mzee kwa malipo. Mtaani hesabu ni nyingine kabisa. Mtu huwa mzee apatapo mjukuu, au anapoanza kuamkiwa shikamoo na watu asiowajua. Na kwa kuli wa bandarini aliyebeba magunia tangu ujana wake na kupanga chumba Chaani au Mikindani, mgongo huzeeka kabla ya kitambulisho.

Tukiyatazama maneno yenyewe, "mzee" ndilo lenye hadhi kuliko yote. Wakenya walimwita Jomo Kenyatta "Mzee" pasipo haja ya kutaja jina, na utingo wa matatu pale Kongowea humwita "mzee" abiria wa miaka thelathini ili amshawishi apande. Neno limepanda hata likawa cheo tu. Kwa mwanamke hakuna neno lililokaa sawasawa na hilo. Kuna "Bi", kuna "Bi Mkubwa", kuna "nyanya", yote ya heshima, lakini yote humtazama kwa nyumba yake au kizazi chake. Shina lile lile la -zee likivishwa ki- huwa "kizee", na matumizi ya neno hili pamoja na "bikizee" huelemea upande wa wanawake.

Wako wasemao kwamba kiambishi ki- ndicho kinachodunisha. Hoja hii isipokelewe bila mizani. "Kijana" na "kiongozi" yana ki- hiyo hiyo, na hakuna kiongozi aliyewahi kulalamika. Kinachopambanua heshima na dharau ni upatanisho wa kisarufi. Asemaye "kikongwe huyu amefika" amemhesabu kuwa mtu. Asemaye "kikongwe hiki kimefika" amemtoa katika ngeli ya walio hai na kumweka pamoja na viti na vijiko. Mzungumzaji yeyote wa Mombasa huusikia umbali uliopo baina ya sentensi hizo mbili, hata kama hajapata kusomea ngeli.

Jozi ya "shaibu" na "ajuza" inastahili kuangaliwa zaidi. Yote mawili ni maneno ya asili ya Kiarabu. La kwanza, la mwanamume, limetokana na mzizi unaohusu mvi. La pili, la mwanamke, limetokana na mzizi wa kushindwa na kukosa uwezo, mzizi uliotupa pia neno "ajizi". Kwa hivyo mwanamume akizeeka lugha humtazama nywele, na mwanamke akizeeka humtazama udhaifu. Bila shaka mzungumzaji wa leo hana habari ya mizizi hiyo, na si haki kumlaumu kwayo. Lakini ni vigumu kukanusha kwamba "ajuza" husikika kali kuliko "shaibu", hata kwa wasiojua Kiarabu.

Kuna pia "kongwe". Nyumba ikikonga huheshimiwa: Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mtu akikonga hupewa mkongojo. Na katika magazeti ya Tanzania neno "vikongwe" limeambatana kwa miaka mingi na neno "mauaji", kwa sababu ya wanawake wazee wa kanda ya ziwa waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Macho hayo aghalabu yaliletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Msiba huo hauko mbali na Mombasa. Kisauni imepakana na Kilifi, Likoni imepakana na Kwale, na katika kaunti hizo mbili wazee wameuawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi. Huko Ganze, Kilifi, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee wa namna hiyo. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, na haijazuia jambo hili. Mara nyingi chini ya tuhuma pamefichwa ugomvi wa ardhi: mzee ndiye anayeshikilia shamba, na wenye haraka ya kurithi hawamngojei. Familia nyingi za Bombolulu, Mtopanga na Mtongwe zina mizizi yao katika mashamba hayo, na tuhuma husafiri kwa simu na kwa matatu hadi mjini.

Katika mazingira hayo mvi hubadili maana. Mjini, mzee wa Kiislamu hutia hina ndevu zake zikawa nyekundu, akifuata mafundisho yanayohimiza mvi zibadilishwe rangi lakini ziepushwe na weusi. Hina hiyo haifichi umri. Huutangaza, na kuupamba. Upande wa pili wapo wazee wa Kilifi na Kwale walioripotiwa kupaka nywele rangi nyeusi ili wasionekane wameota mvi, wakihofia roho zao. Rangi mbili katika pwani moja, zisizotenganishwa hata na safari ya saa mbili. Anayeandika juu ya heshima ya wazee katika utamaduni wa pwani, akanukuu "Penye wazee haliharibiki neno" na "Jungu kuu halikosi ukoko" na kuishia hapo, ameandika nusu ya habari. Methali nyingine ya pwani hiyo hiyo, "Ukubwa jaa", inajua zaidi: mkubwa ni jalala, kila taka hutupwa kwake.

Suala la siha linaingia hapa, na si kwa mlango wa nyuma. Baadhi ya mambo yanayomtia mzee mashakani ni dalili za maradhi. Mzee anayetoka usiku wa manane asijue aendako, anayesema peke yake, anayesahau majina ya wanawe, huenda ana ugonjwa wa kusahau, ambao ni maradhi ya ubongo na si sehemu ya lazima ya kuzeeka. Lakini aonekanapo nje usiku, jirani aliyelelewa na hadithi za wanga hana jina jingine la kumpa. Pasipo neno la kitabibu, neno la kichawi hukaa mahali pake.

Hata pasipo na tuhuma, ipo kauli nyingine inayoua polepole: "Ni uzee tu." Magoti yakiuma, ni uzee tu. Macho yakifunga utando, ni uzee tu, ilhali mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara ni uzee tu, mpaka kisukari kimekwisha kula mguu. Presha nayo haina hata dalili ya kusingizia uzee. Hukaa kimya miaka na miaka, kisha huja kiharusi, na kiharusi wengine bado hukiita upepo. Uvumilivu, ambao maadili ya pwani huusifu kwa wazee, hapa huwa kizuizi. Mzee mstahimilivu haendi hospitali, huenda anapopelekwa.

Mapishi nayo yana sehemu yake. Chumvi anayoambiwa aipunguze haiko katika kikopo cha mezani peke yake. Iko katika achari ya embe na katika ng'onda. Sukari iko katika chai ya maziwa inayofuatana na mahamri, na mafuta katika bajia na viazi vya karai. Vyakula hivi ni vya ukarimu, na mzee anayevikataa nyumbani kwa watu huonekana amekataa wenyeji. Mwezi wa Ramadhani jambo huwa zito zaidi. Dini imempa ruhusa ya kula mgonjwa na mzee asiyeweza, pamoja na fidia ya kulisha maskini, lakini wazee wengi wenye kisukari huona haya kuitumia ruhusa hiyo. Hufunga, na vidonge vya mchana huvihamishia daku bila kumwuliza daktari. Maimamu wakilisema jambo hili kabla ya mwezi kuandama, husikilizwa kuliko bango la zahanati.

Lakini maisha ya ng'ambo yana dawa zake pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, na aliyetimiza miaka 65 aongeze mazoezi ya nguvu na ya kujimudu asianguke, siku tatu au zaidi. Mzee anayekwenda msikitini kwa miguu mara tano kwa siku, dakika tano kwenda na tano kurudi, hutimiza dakika 350 kwa juma ikiwa mwendo wake si wa kujikokota. Na rukuu na sijida humnyoosha viungo. Kikongwe wa kike anayeswali nyumbani hana mwendo huo, na hili halitajwi mara nyingi. Wa Likoni hupanda na kushuka mteremko wa feri, ambao maji yakipwa huwa mkali zaidi. Huo ni mazoezi na hatari kwa pamoja, hasa umati unapokimbilia lango. Bao chini ya mwembe huishughulisha akili. Baraza ya nyumba ya Kiswahili humweka mzee mahali ambapo kila apitaye humjulia hali, na asipoonekana siku mbili huulizwa. Nyumba hizo zikibomolewa na kuinuliwa maghorofa, baraza haipandi ngazi.

Yule kuli wa Changamwe yuko katika hali nyingine. Wengi wao walikuja kutoka Ukambani, Taita au Nyanza kwa nia ya kurudi. Waliorudi walizeekea makwao. Waliobaki walizeekea chumba cha kupanga, penye majirani wanaobadilika kila mwaka. Kwao "penye wazee" ni wapi?

Mwandishi wa Mali, Amadou Hampâté Bâ, alisifika kwa kumfananisha mzee wa Kiafrika na maktaba, ambayo huungua afapo. Wanafunzi wa fasihi simulizi huipenda fikra hii, na pwani ina ushahidi wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yaliandikwa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, wakati ambapo mengi yaliishi vichwani mwa watu wa Mombasa waliokula chumvi. Wanawake Watatu wa Kiswahili, kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, kimehifadhi masimulizi ya wanawake wa Mombasa waliohojiwa katika utu uzima wao, na bila wao tungejua machache sana juu ya lelemama na usomo. Hata hivyo tashbihi hii ina kasoro. Maktaba hutakiwa itoe tu, na haipimwi presha. Mtafiti anayefika Mtongwe na kinasa sauti, akachukua visasili vitatu na kuondoka bila kuuliza kama mzee ameona daktari, ameifuata tashbihi hiyo kupita kiasi.

Katika uundaji wa istilahi Mombasa ilipata kuwa mbele. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchimbua na kuunda maneno, "runinga" likiwa mojawapo. Kwa maradhi ya uzeeni kazi hiyo bado. "Ugonjwa wa kusahau" linaeleweka, lakini ni jepesi mno kwa hali inayomfanya mtu asiijue nyumba yake. "Amerudi utotoni" lina huruma, ila halimpeleki mtu hospitali. Wazee wenyewe wana maneno wanayoyatumia wao kwa wao, na hayo hayajakusanywa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia barazani Mtopanga, baada ya swala ya alasiri, na ndani ya nyumba pia, waliko akina nyanya.